Mbuzi Akiugua: Pesa ya Siku ya Kwanza Ndiyo Inayookoa

Mbuzi akianza kukohoa Jumatatu asubuhi, mambo mawili huanza kukimbizana papo hapo: ugonjwa na pesa. Pesa ya matibabu ikipatikana Ijumaa, huenda ugonjwa umeshafika mbali na mbuzi wa pili na wa tatu wameshaanza nao. Pesa ikiwa tayari kwenye simu Jumatatu hiyo hiyo, daktari wa mifugo anaweza kufika kabla ya jua kuzama.

Makala hii tumewaandikia wateja wetu wafugaji wadogo, hasa wa Matinyani na sehemu nyingine za Kitui na Makueni. Hatuji kukufundisha udaktari. Tunataka tuangalie jambo moja: utaitumiaje simu yako ili siku mnyama anapougua, pesa isiwe ndiyo inayokuchelewesha? Na kama wewe uko Nairobi au Mombasa na wazazi ndio wanaofuga nyumbani, usituache, kuna sehemu yako huko chini.

Ugonjwa na ukosefu wa pesa huja pamoja

Matinyani iko Kitui Magharibi, eneo kavu ambalo mvua huja kwa misimu miwili: Machi hadi Mei, halafu Oktoba hadi Desemba. Wakulima wengi wa Ukambani huitegemea zaidi ile ya mwisho wa mwaka. Ikinyesha vizuri, kuna ndengu, mbaazi na mtama wa kuuza. Ikikosa, mbuzi ndiye benki. Ndiye karo ya shule, ndiye pesa ya hospitali, ndiye unga wa mwezi.

Sasa angalia tatizo lilipo. Kuanzia mwisho wa 2020 hadi mwisho wa 2022, mvua zilikosa au kupungua misimu mitano mfululizo katika sehemu kubwa za maeneo makavu ya Kenya, na Septemba 2021 serikali ikatangaza ukame kuwa janga la kitaifa. Katika hali kama hiyo mnyama hukonda, na mnyama aliyekonda hana nguvu ya kupigana na ugonjwa. Wakati huo huo mwenyewe hana mavuno ya kuuza. Yaani mbuzi anaugua msimu ule ule ambao mfuko ni mtupu.

Ndiyo maana pesa ya matibabu haiwezi kutafutwa siku ya ugonjwa. Lazima iwekwe wakati mambo ni mazuri: wiki ya kuuza ndengu, wiki ya kuuza maembe, siku kuku watano wanapoenda sokoni.

Jua kwanza unalipia nini

Si kila ugonjwa unatibika, na hapo ndipo pesa nyingi hupotea. Kabla ya kukimbilia agroveti, yafahamu makundi haya matatu.

*Kundi la kwanza: yanayotibika ukiwahi.* Homa ya mapafu ya mbuzi ni mfano mzuri. Kiini chake kilitambuliwa kwa mara ya kwanza hapa Kenya mwaka 1976. Mbuzi hupata homa kali, hukohoa, hupumua kwa shida, hunyoosha shingo na kupanua miguu ya mbele akitafuta hewa. Kwenye kundi ambalo halijawahi kukutana na ugonjwa huu, mbuzi zaidi ya nusu wanaweza kufa. Lakini dawa ikianza mapema kwa maelekezo ya daktari, wengi hupona. Minyoo nayo iko kundi hili. Mfunue mbuzi kope ya chini ya jicho: ikiwa nyekundu yenye afya, sawa, ikiwa nyeupe kama karatasi, damu imepungua, na minyoo ni mshukiwa mkubwa.

*Kundi la pili: hayana dawa, yana chanjo.* Hapa kuna sotoka ya mbuzi na kondoo, ambayo huleta homa, kamasi, vidonda mdomoni na kuharisha. Kuna pia kideri, ule ugonjwa unaomaliza kuku wote wa boma kwa siku chache. Haya huletwa na virusi. Daktari anaweza kumsaidia mnyama asizidiwe na magonjwa mengine, lakini hakuna sindano ya kuua virusi hivyo. Pesa yako ifanye kazi kabla, kwenye chanjo. Chanjo moja ya sotoka ya mbuzi humkinga mnyama kwa miaka 3 au zaidi.

*Kundi la tatu: usiguse, piga simu.* Mnyama akifa ghafla, tumbo likavimba haraka na damu nyeusi isiyoganda ikatoka puani au nyuma, shuku kimeta. Usimpasue, usimchune, usimle, usimpe mbwa. Kimeta huua watu. Vivyo hivyo, mvua kubwa zikinyesha na mbuzi au kondoo wengi wakaharibu mimba kwa mpigo, shuku homa ya Bonde la Ufa. Mlipuko ulioonekana Garissa mwishoni mwa 2006 uliua watu zaidi ya 150 nchini Kenya, wengi wao wakiwa wameugusa mwili, damu au maziwa ya mnyama mgonjwa. Kwa sheria za Kenya magonjwa kama haya ni lazima yaripotiwe. Simu ya kwanza iende kwa ofisi ya mifugo ya wadi au kaunti, na nyama hiyo isipewe mtu yeyote hata kwa bei ya bure.

Hesabu ya Jumatatu na hesabu ya Ijumaa

Tufanye hesabu kidogo. Bei hizi ni za mfano tu, weka za kwenu mwenyewe.

Chukulia mama mmoja wa Matinyani ana mbuzi 8, na kila mmoja akiwa mzima huuzwa Sh6,000. Jumatatu mmoja anaanza kukohoa. Akiwa na pesa kwenye simu, anampigia daktari. Gharama ya kumwona mnyama, dawa na mafuta ya pikipiki inafika Sh1,200. Mbuzi mgonjwa anatengwa siku hiyo hiyo, na daktari anawaangalia wale 7 waliobaki.

Sasa chukulia hana pesa. Anamtuma kijana agroveti na Sh200 anunue "dawa ya kikohozi". Kijana anarudi na dawa isiyofaa au kipimo kisichotosha. Jumatano mbuzi amelala chini. Alhamisi wengine wawili wanakohoa. Ijumaa broka anapita na kumwambia, "Mama, huyu ataanguka tu, chukua Sh2,000." Mama anachukua. Kwa mbuzi huyo mmoja pekee amepoteza Sh4,000 na zile Sh200 za dawa, na bado ana wawili wagonjwa zizini.

Tofauti ya hesabu hizi mbili ni Sh1,200 kupatikana Jumatatu au kutopatikana. Ndiyo maana tunaiita pesa ya siku ya kwanza.

Anzisha kapu la mifugo kwenye simu

Pesa ikikaa pamoja na ya unga na ya vocha, italiwa. Hiyo si tabia mbaya, ni maisha. Kwa hiyo itenganishe. Kama huduma unayotumia ina akaunti ya kuweka akiba, fungua moja na uipe jina: "Mbuzi" au "Kapu la mifugo". Kama ina sehemu ya kufunga akiba kwa muda, usiifunge yote, kwa sababu ugonjwa hautoi taarifa. Pesa hii iwe karibu, lakini isiwe mkononi.

Lengo la kwanza liwe ziara moja ya daktari pamoja na dawa. Mpigie sasa hivi, mnyama akiwa mzima, umuulize: "Daktari, ukija hapa kwetu kumwona mbuzi mmoja, nijiandae na pesa ngapi?" Jibu lake ndilo lengo lako. Likiwa Sh1,800, basi Sh20 kwa siku hukufikisha hapo kwa siku 90. Ukipenda njia ya sokoni, kila ukiuza mnyama weka kando shilingi moja katika kila kumi. Mbuzi wa Sh6,000 anaacha Sh600 kapuni kwa ajili ya wenzake waliobaki.

Jambo dogo lakini muhimu: angalia makato. Kutoa pesa taslimu kwa wakala mara tano, vijisehemu vijisehemu, mara nyingi hukugharimu zaidi kuliko kutoa mara moja. Na kama agroveti ina till, lipa moja kwa moja kutoka kwenye simu, pesa isipite mfukoni.

Chupa moja ya chanjo, majirani kumi

Kwa kuku kuna kikwazo ambacho wafugaji wengi wanakijua. Chanjo ya kideri huuzwa kwa chupa ya dozi nyingi, 100 au hata zaidi. Ikishafunguliwa na kuchanganywa lazima itumike upesi, haiwekwi hadi kesho. Mwenye kuku 12 anaona kama anamwaga pesa, basi anaacha. Halafu kideri kinakuja na kuchukua wote 12.

Hapa majirani na simu wanaweza kusaidiana. Watu kumi wenye kuku kumi kumi ni chupa moja. Mtu mmoja anayeaminika, labda mweka hazina wa chama chenu, anapokea michango kwenye simu yake. Ujumbe wa kila mchango unaonyesha nani ametoa na lini, kwa hiyo hakuna ubishi. Ananunua chanjo kwa till na kupiga picha ya risiti kwenye kundi la simu. Chanjo inasafiri ndani ya chombo chenye barafu, na jioni au alfajiri, kuku wakiwa bado ndani, mnapita boma hadi boma mkitia tone jichoni.

Chanjo ya tone jichoni huhitaji kurudiwa, mara nyingi kila baada ya miezi 3 au 4. Muulize daktari kuhusu aina mnayotumia. Wekeni tarehe ya mchango unaofuata siku ile ile mnayomaliza huu. Mchango wa Sh10 au Sh20 kwa nyumba hauumizi ukijulikana mapema.

Mlipe daktari wa kweli

Mtu akijitambulisha kuwa daktari wa mifugo, una haki ya kuuliza namba yake ya usajili. Hapa Kenya madaktari wa mifugo na wasaidizi wao husajiliwa na kupewa leseni na Kenya Veterinary Board, chini ya sheria ya mwaka 2011. Daktari halali haudhiki ukiuliza.

Halafu fuata utaratibu huu wa malipo:

1. Kubalianeni bei kabla hajatoka kwake: ya kuja, ya kumwona mnyama, na kama dawa ni kando.
2. Akiomba mafuta, mtumie ya mafuta tu. Nyingine umalizie kazi ikishafanyika.
3. Kabla ya kuweka PIN, soma jina linalotokea kwenye simu. Jina likiwa geni, simama na uulize.
4. Baada ya kulipa usiufute ujumbe. Andika kwenye daftari: tarehe, mnyama gani, dawa gani, kiasi gani.
5. Muulize swali hili la mwisho: "Maziwa na nyama yake tuache kutumia kwa siku ngapi?" Dawa nyingi hukaa mwilini mwa mnyama kwa muda. Maziwa ya siku hizo hayauzwi, hayanywewi.

Jihadhari pia na ujumbe unaosema chanjo ya serikali inakuja kijijini na kila mfugaji atume "pesa ya kujiandikisha" kwa namba ya mtu binafsi. Kampeni za chanjo za kaunti zipo, na suala la magonjwa ya mifugo ni kazi ya kaunti tangu ugatuzi ulipoanza mwaka 2013. Lakini habari kama hiyo ithibitishe kwa ofisi ya mifugo ya wadi, au kwa chifu, kabla ya kutuma hata shilingi. Na hakuna mtu yeyote, hata kama ni sisi, anayepaswa kukuuliza PIN yako.

Mkopo wa simu: lini ndiyo, lini hapana

Tuseme kapu halijajaa na mnyama ameugua leo. Mkopo wa simu unaweza kukufaa, lakini jiulize maswali matatu kwanza.

Je, daktari amesema ugonjwa huu unatibika? Kama ni kundi la pili au la tatu pale juu, mkopo hautamfufua mbuzi, utakuachia deni tu. Je, thamani ya mnyama ni kubwa kuliko matibabu pamoja na ada ya mkopo? Mkopo wa Sh2,000 wenye ada ya asilimia 7.5 kwa siku 30 unarudishwa Sh2,150. Kwa ng'ombe wa maziwa, hiyo ni hesabu nzuri. Kwa kuku watatu, si nzuri. Swali la mwisho: pesa ya kulipa itatoka wapi, na tarehe gani? Kama jibu ni "Mungu atajua", usikope. Kama jibu ni "chama kinanilipa tarehe 15", endelea, na ukope kile tu alichosema daktari.

Kuhusu bima, tunaulizwa sana. Bima ya mifugo iliyoanzia Marsabit mwaka 2010 hutazama hali ya malisho kwa setilaiti na kulipa wakati wa ukame. Hailipi kwa sababu mbuzi wako amepata homa ya mapafu. Zipo bima nyingine za mnyama mmoja mmoja, hasa ng'ombe wa maziwa, zinazotaka mnyama akaguliwe na daktari na kuwekewa alama sikioni. Kabla hujalipa, soma wanalipia nini na hawalipii nini.

Ukiwa mbali na nyumbani

Kwa familia nyingi za Ukambani, mnyama akiugua simu ya kwanza humwendea mtoto aliye mjini. Mama anapiga saa mbili usiku, wewe unatuma Sh1,000, na kesho yake unasikia imenunua unga kwa sababu watoto walikuwa na njaa. Usimlaumu mama. Alikuwa na mahitaji mawili na pesa moja.

Njia rahisi ni kuhifadhi namba ya daktari na till ya agroveti kwenye simu yako mwenyewe. Mama akipiga, mpigie daktari, msikilize, kisha umlipe moja kwa moja. Ya unga mtumie mama kando, hata kama ni kidogo. Ndugu mkiwa watatu au wanne mjini, changieni kapu moja kila mwezi badala ya kupigiana simu usiku wa shida.

Tafadhali, asiuzwe akiwa mgonjwa

Tunajua kishawishi kilivyo. Broka yuko mlangoni, mbuzi anakohoa, karo inadaiwa. Lakini mbuzi mwenye homa ya mapafu akipelekwa sokoni, anawapumulia wenzake siku nzima, na jioni hao wanatawanyika kwenda maboma ya watu wengine. Wiki chache baadaye ugonjwa unaweza kurudi kwako kupitia mbuzi wa jirani. Hii ndiyo sababu kusafirisha mifugo kunahitaji kibali, na sababu ofisi ya mifugo inaweza kufunga soko kwa karantini. Soko likifungwa hata mwenye mbuzi wazima hauzi, na kijiji kizima kinakosa karo.

Ukinunua mbuzi mpya pia, mtenge wiki mbili au tatu kabla ya kumchanganya na wako. Kumtenga hakukulipishi chochote.

Fanya haya leo, kabla hujafunga ukurasa huu

- Hifadhi namba tatu kwenye simu: daktari wa mifugo, ofisi ya mifugo ya wadi, na agroveti yenye till.
- Muulize daktari gharama ya ziara moja. Hilo ndilo lengo la kapu lako.
- Fungua kapu na uanze, hata kwa Sh50.
- Zungumza na majirani wawili kuhusu chupa ya chanjo ya kuku.
- Chukua daftari, andika mifugo yako yote kwa jina au alama, na tarehe ya chanjo ya mwisho.

Baada ya miezi sita, omba taarifa ya akaunti yako na uilinganishe na daftari. Utaona ni mnyama gani anakula pesa na yupi anakulipa, na mwezi gani magonjwa hupenda kuja kwenu. Ukienda siku moja kuomba mkopo mkubwa wa kununua mbuzi bora zaidi, karatasi hizo mbili zitakusemea.

Kama una swali kuhusu kufungua akaunti ya akiba au kusoma makato yako, mwone wakala wetu aliye karibu nawe au utupigie simu. Swali la kikohozi cha mbuzi, mpigie daktari. Na umpigie leo, usingoje Ijumaa.